Mfumo Mpya Nyumbani kwa Dalali

Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye mkoba wa turubai uliojaa nyaya, na sikio la kushoto lisilosikia kitu. Sikio hilo lilikufa kwa kofi la aliyekuwa mumewe, mchana kweupe, kisa kola ya shati haikupigwa pasi. Wiki hiyo hiyo aliondoka, nguo kwenye mfuko na mashine ya chapa kifuani, na tangu hapo hajampikia mwanamume yeyote hata chai.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mchapaji katika ofisi ya bima. Siku walipofunga chumba cha wachapaji, mkuu wa ofisi aliwagawia barua za shukrani. Wenzake wakalia. Yeye, kwa kuwa Mungu alimjalia mdomo, akaomba apewe kompyuta mbovu iliyokuwa ikizuia mlango usijifunge. Akapewa. Akaifungua juu ya kitanda chake skrubu kwa skrubu, akaipanga, akaifungua tena, mpaka siku ikawaka. Huko ndiko alikosomea ufundi, na msicheke: wapo wenye vyeti ukutani wasiofika nusu yake.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupandisha mifumo mipya, ile programu kuu inayoendesha mashine, kwenye kompyuta za nyumbani. Sasa, mfumo mpya una tabia moja: unauliza maswali kuliko mama mkwe. Unataka lugha gani? Kibodi ya aina gani? Picha zako tuzifanyeje? Fundi wa nyumba kwa nyumba halipwi kwa saa, na mwenye nyumba amesimama nyuma yake akiuliza kama bado. Kwa hiyo Bisibisi alikuwa na mtindo, na mafundi wote wa aina yake wanao: alibonyeza Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, kukubali chochote mashine ilichopendekeza, mpaka inyamaze. Kwa miaka tisa mtindo huo ulikuwa haujamdhuru mtu.

Jumamosi moja alipandisha mfumo nyumbani kwa dalali wa minada, mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuuza ng'ombe aliyekufa kwa bei ya aliye hai. Jumanne saa nne asubuhi simu yake ikalia.

"Wewe mama," alisema dalali bila salamu. "Njoo uondoe takataka uliyoniwekea. Haifunguki. Nikiipa paswedi inanikatalia, kompyuta yangu mwenyewe! Njoo kabla sijairusha dirishani, halafu nikufuate na wewe."

Bisibisi alikwenda. Alishazoea kutukanwa. Mtu akishindwa na mashine humtukana fundi, ni sehemu ya kazi, kama vumbi.

Mlango ulifunguliwa na mke wa dalali, mwanamke mwembamba aliyekuwa akichapia shule mitihani hapo nyumbani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na ndani ya kitambaa kalamu mbili zilikuwa zimekazwa kwenye kidole cha shahada ili kisikunjike. Kidole chenyewe kilikuwa cheusi na kimevimba.

"Pole, mdogo wangu. Umefanyaje?"

"Droo," alisema yule mke, akatazama chini.

"Droo haina kosa," dalali alisema kutoka ndani, wala hakushusha sauti. "Jumapili asubuhi nafungua kompyuta, paswedi haikubali. Mara tatu, mara nne. Nikamwuliza huyu vizuri tu: umebadilisha, una siri gani? Akakana. Nikauweka mkono wake kwenye droo nikafunga. Akakana tena. Basi nikajua kweli hakubadilisha." Akacheka, kana kwamba ametoa hadithi ya mnada.

 Bisibisi aliketi mbele ya kompyuta. Chini ya meza lilikuwepo sanduku zito la betri ya akiba, la kuiwasha kompyuta umeme ukikatika, juu yake printa, na kibodi ilikuwa imepigwa ngumi mpaka vitufe viwili vimeruka. Aliandika neno la siri kama alivyotajiwa. Likakataliwa. Akabonyeza kale kajicho kanakogeuza vitone kuwa herufi, akaona. Alikuwa amebonyeza alama ya @ na mashine imeandika alama ya kunukuu. Mpangilio wa kibodi ulikuwa umebadilishwa kuwa wa nchi nyingine. Alama zilihamishana vitufe, na kwa kuwa neno la siri huandikwa kwa vitone, hakuna ambaye angeona.

Alilijua swali lile. Kibodi ya aina gani? Ndiyo.

Aliirudisha kibodi kama zamani. Kompyuta ikafunguka.

"Si unaona!" alisema dalali. "Ilikuwa nini?"

Angeweza kumwambia. Alimtazama yule mke, akatazama kile kidole, akaogopa. Ndiyo, aliogopa, na ninamsema wazi kwa sababu hata yeye hujisema.

"Hitilafu ya mfumo, baba," alijibu.

Akaendelea na mengine. Sauti ilikuwa inapelekwa kwenye skrini, na skrini ile haina spika. Akaielekeza kwenye spika za mezani, zikaunguruma. Herufi zilikuwa ndogo kama chawa, akazikuza. Printa haikutambuliwa, ikahitaji programu mpya, na programu ikaanza kushuka polepole kutoka mtandaoni. Simu ya dalali ikalia. Akatoka nayo barazani kuuza trekta la mtu aliyefilisika, na kwa sauti ile, mitaa miwili ilijua bei yake.

Fundi na mke wakabaki wakiisubiri programu, mikono haiko kwenye kibodi. Baada ya dakika moja skrini ikaanza kupumzika, na ikaanza kuonyesha picha yenyewe. Picha ya harusi. Karatasi ya mtihani wa sarufi. Kisha mgongo wa mwanamke, skrini nzima, wenye michirizi ya waya wa pasi, na tarehe imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi pembeni. Kisha jicho lililofumba kwa uvimbe. Kisha mtihani tena. Kisha shingo yenye alama za vidole vinne na gumba.

"Zima, dada," yule mke alinong'ona. "Zima, ataniua."

Bisibisi aligusa kipanya, picha zikatoweka. Picha zako tuzionyeshe skrini inapopumzika? Ndiyo. Hata hilo alilijibu yeye.

"Ziko ngapi?"

"Mia mbili na kumi na moja. Simu yangu anaikagua kila siku, ndiyo nikaziweka kwenye folda ya mitihani. Humo hafungui kamwe. Ni miaka sita, dada. Siku nikipata pa kwenda, nitakwenda nazo, la sivyo nani ataniamini? Yeye kila mtu anampenda."

"Una nakala mahali?"

"Hapa tu."

Barazani trekta lilikuwa bado halijauzwa. Bisibisi alichomeka flashi yake, akaikamata folda, akaanza kunakili. Mashine ikasema dakika nne. Akaingia kwenye mipangilio kutafuta pa kuzimia yale maonyesho ya picha, na hapo ndipo alipolaani mifumo mipya yote duniani, maana kila mara wanahamisha vitu kama mpangaji asiyelipa. Palikuwa pamehamishwa. Akafungua ukurasa huu, akafungua ule.

"Unanakili nini?"

Dalali alikuwa amesimama mlangoni, simu mfukoni.

"Programu ya printa, baba."

"Programu ya printa inaingia, haitoki. Mimi ni dalali, si mpumbavu." Alivuka chumba kwa hatua tatu, akamkamata Bisibisi kola ya blauzi, akamwinua kutoka kwenye kiti mpaka vidole vya miguu vikaning'inia. "Unaniibia nini? Sema. Nyaraka zangu? Nani kakutuma?"

"Mume wangu, mwache, ni fundi tu..."

"Nyamaza!" Alimpiga mkewe kofi la nyuma ya mkono bila hata kumgeukia. Kisha akamtikisa Bisibisi, akamtikisa tena, kichwa kikagonga ukuta. "Sema nani kakutuma!"

Alimtikisa dakika nzima. Na katika dakika hiyo hakuna aliyegusa kipanya.

Ilianza na mgongo. Bisibisi aliona mwanga ukibadilika usoni mwa dalali, akaona macho yake yakihama kutoka kwake kwenda kwenye skrini. Shingo. Jicho. Mbavu zenye rangi ya bilinganya. Mtihani wa sarufi. Goti. Mfumo mpya una rangi nzuri, hilo halina ubishi. Kila alama ilionekana. Dalali aliitazama kazi ya mikono yake kwa utulivu, picha tisa au kumi, mkono bado umekamata kola.

Kisha akamwachia fundi, akamgeukia mkewe.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Bisibisi kuliko yote. Alimshika mkewe shingoni kwa mikono miwili, akambana kwenye kabati la vitabu, akaanza kukaza, taratibu, kama mtu anayekaza mfuniko wa chupa. Miguu ya yule mwanamke ilipiga milango ya kabati. Vitabu vikaanguka. Kitambaa kikafunguka na kile kidole cheusi kikawa kinakwaruza mkono wa dalali bila nguvu.

Bisibisi alikuwa sakafuni karibu na meza. Aliikumbatia ile betri ya akiba, kilo nane, akaivuta nyaya zikang'oka, printa ikabiringika, kompyuta ikazimika fu. Akasimama. Akampiga dalali nayo begani kutoka nyuma, mfupa ukalia. Mikono ikaachia. Dalali akageuka, na Bisibisi akampiga tena, usoni, kwa pembe. Pigo la pili halikuwa la lazima. Alikuwa ameshaachia, alikuwa ameshaanza kuyumba. Bisibisi alijua hivyo alipokuwa akiliinua sanduku, na aliliinua hivyo hivyo.

Dalali alianguka chali juu ya mitihani. Pua yake ilikuwa imekwenda upande, damu inatoka katikati ya vidole alivyojifunikia uso, na alikuwa akikoroma. Hai. Baadaye walimshona nyuzi kumi na nne, na walipomaliza kumshona akauliza kwanza nani atasimamia mnada wa trekta.

Mkewe alikuwa amepiga magoti, anavuta hewa kwa sauti ya msumeno.

"Picha," alisema alipoweza kusema.

Kunakili kwenye flashi kulikuwa kumekatika katikati. Aliyejua ndani yake mna nini ni Mungu. Bisibisi hakujaribu kuwasha. Aliichukua kompyuta yenyewe, kasha lake lote, akaikumbatia tumboni, nyaya zinaburuta. Wakatoka. Walipita mtaani saa sita kasoro, jua la utosi, mwanamke mmoja na kompyuta, mwingine hana viatu na shingo nyekundu, na watu waliokuwa wakimpenda dalali wakasimama kwenye milango yao. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi. Hakuna aliyeuliza kitu, ila mwuza maji alimletea yule mke viatu vya mke wake mwenyewe, akatangulia mbele yao kuwafungulia njia mpaka kituo cha polisi.

Kituoni walisikilizwa na askari wa kike, mtu mzima mwenye miwani. Aliandika jina la Bisibisi pia, kwa ajili ya ile betri, akamwambia asiondoke mjini. Kisha akawaomba waiunganishe kompyuta kwenye skrini ya ofisi. Bisibisi aliunganisha. Neno la siri likakubaliwa. Folda ilikuwepo. Askari akazifungua moja moja, hakusema lolote, akafika ya arobaini akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaendelea. Alipokwenda kumwita mkubwa wake, wanawake wawili wakabaki kwenye benchi.

Bisibisi alikuwa akilia. Hakulia siku ya lile kofi, wala siku ya kufungwa chumba cha wachapaji, lakini pale alilia mpaka kamasi.

"Mdogo wangu, hiyo paswedi nilikuharibia mimi," alisema. "Kibodi niliigeuza mimi, nilibonyeza tu bila kusoma. Na picha ni mimi nilizitoa nje. Kidole chako kimevunjwa kwa ajili yangu. Leo ungekufa kwa ajili yangu."

Yule mke alimgeukia. Alikuwa ameushika mkono wake mbovu kwa mkono mzima.

"Mwaka jana alinivunja mbavu tatu, dada," alisema kwa sauti iliyokwaruzika. "Mwaka juzi jino na mkono huu. Na mwaka wa kabla ya huo, nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Niambie, siku hizo nani alikuwa amegusa kompyuta?"