Kengele ya Shemeji Kabula

Nakumbuka siku moja, tena ilikuwa siku ya gulio hapahapa Kisesa, ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa nimekaa, naona heri nisimame.

Na tangu jana imenijia mara nyingi, mwanangu, kwa sababu yako. Uliniletea pikipiki ina pancha, mkeo akakupigia simu, nawe ukajibu kwa sauti ya watu wote kusikia: "Zahanati tena? Si ulikwenda juzi? Pumzika, hayo mawazo tu." Ukacheka, na wenzako kwenye benchi wakacheka. Mimi nilikuwa nimeinamia tairi lako. Nilipoinuka kukwambia neno, ulikuwa umeshawasha chombo na kuondoka.

Leo umerudi, na kabla hata hujamaliza kuniamkia nimekuuliza habari ya mkeo. Umesema alikwenda na dada yake, wakampima, mapigo ya mtoto yakasikika vizuri. Mungu ashukuriwe! Lakini ukaongeza, "Si nilisema, mzee? Kaenda bure." Hilo neno "bure" ndilo lililofanya nikukalishe. Niwie radhi nikizungumza huku natembeatembea, habari hii siwezi kuisimulia nikiwa nimetulia.

Nilikuwa kijana wa rika lako, fundi baiskeli, kibanda changu kinatazama barabara hii hii. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa mwepesi kuliko mikono. Kaka yangu Masanja alimwoa Kabula, na unajua mambo ya mtu na shemeji yake, utani ni halali yao. Yeye aliniita Pancha. Nami nilikuwa natafuta jina la kumlipizia.

Mimba yake ya kwanza ilipofika miezi saba, alishtuka siku moja kuwa mtoto hachezi kama kawaida yake. Nikampakia kwenye baiskeli mpaka kituo cha afya. Mkunga akampima, akamwambia, "Mtoto mzima, mama. Umefanya vizuri kuja." Hilo la "umefanya vizuri" sikurudi nalo. Nilirudi na habari kwamba tumekwenda bure, nikampa jina: Mama Kengele, kengele inayolia hata njia ikiwa nyeupe. Kila alipopita kibandani nilichukua kengele ya baiskeli nikaipiga, kring kring, wateja wakaangua kicheko. Naye alicheka. Mimi nilidhani anacheka.

Basi ikafika hiyo siku ya gulio. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tisa, na kaka alikuwa Nansio kununua samaki. Saa nne asubuhi nikamwona Kabula anakuja, kajifunga khanga mbili, mkono mmoja uko tumboni. Kibanda kimejaa watu. Siku nyingine alikuwa akipita tu, siku hiyo alisimama, akafungua kinywa. Kabla hajatoa neno nikapiga kengele. "Mama Kengele! Leo moto unawaka wapi?" Watu wakavunjika mbavu. Kabula akafunga kinywa, akatabasamu kidogo, akageuka kurudi alikotoka. Mimi nikaendelea kukaza spoku.

Huko nyumbani majirani wakamfariji kwa maneno yale yale ya siku zote: mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, nafasi humo ndani imekwisha. Kawia ufike, wakamwambia. Methali ni nzuri, mwanangu, nami nazipenda mno, lakini nyingine zina mahali pake, na hiyo haikuwa yake hapo.

Kesho yake asubuhi mama yangu akaja kibandani mbio, hana viatu. "Shija, ng'wanawane, mwanangu, toa baiskeli! Mtoto wa Kabula hachezi tangu jana."

Mkunga alikuwa yule yule. Nilisimama nje ya pazia, nikasikia kila kitu. Alikuwa na kile kipimo cha mbao kinachofanana na tarumbeta ndogo, anakiweka tumboni na kutega sikio. Nikasikia anamwambia ageuke kushoto. Halafu kulia. Halafu alale chali tena. Kisha nikasikia kipimo kinawekwa mezani.

"Mara ya mwisho kacheza lini?" akauliza.

"Jana alfajiri."

"Sasa jana ulikosa nini, mama yangu, usije?"

Kabula akasema, "Nilikosa usafiri."

Usafiri, mwanangu! Kibandani kwangu siku ile zilikuwepo baiskeli saba. Alijua nimesimama nje ya pazia, na hata katika hali ile alinisitiri.

Mtoto alizaliwa akiwa ameshafariki. Alikuwa wa kiume. Sisemi kwamba tungewahi jana yake angepona, maana hata mkunga alisema hilo hawezi kulijua. Lakini huko kutojua ndiko kunakoniinua kitini mpaka uzee huu. Ningejua kwamba asingepona, ningekaa. Ningejua kwamba angepona, ningelia nikamaliza.

Baada ya msiba mama aliniita pembeni. Nilitegemea matusi. Alisema tu, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha, Shija. Mwenzio alikuja kukwambia mtoto hachezi, akakukuta wewe ndiye unayecheza." Akaniacha hapo, akaenda kuosha vyombo vya matanga.

Kabula hakunishtaki kwa kaka wala kwa mtu yeyote. Ila aliacha kuniita Pancha. "Habari za kazi, fundi," akawa ananisalimu kama mteja, na kupita. Ningefurahi zaidi angenitukana.

Mwaka wa tatu akabeba mimba nyingine. Siku moja mchana, watu wamejaa, akaingia kibandani moja kwa moja. Akaitwaa ile kengele mezani, akaipiga mwenyewe. "Pancha," akasema, "imelia."

Sikunawa hata grisi. Tukaenda, mtoto mzima, tukarudi. Wiki iliyofuata ikalia tena, tukaenda, mtoto mzima, tukarudi. Ya tatu, mtoto alirukaruka kwa vurugu asiyoizoea mama yake, kisha akalegea. Mkunga alisikiliza, akaagiza gari pale pale. Wakampeleka hospitali mjini Mwanza, wakampasua, na mtoto akatoka analia. Ndiye yule binti anayefundisha shule kule Nansio, ananiita Baba Mdogo Pancha mbele ya wanafunzi wake, na mimi nafurahi.

Sasa niambie, zile safari mbili za kwanza zilikuwa bure? Kama ningemcheka hata mara moja, ya tatu angekuja?

Sikia basi, mwanangu. Kila mtoto ana mchezo wake tumboni. Mkeo ameuzoea wa kwake, wewe huujui, mimi siujui, jirani haujui. Mchezo huo ukipungua, ukikoma, au ukigeuka vurugu asiyoizoea, ni kwenda kituoni saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Si kungoja kesho, wala tarehe ya kliniki, wala kunywa maji baridi na kuvizia teke moja la kujipa moyo. Anayesema mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa, mwambie Mzee Shija alizika kwa neno hilo. Mtoto mzima hucheza mpaka siku ya uchungu. Na akipimwa akakutwa salama, shukuru, halafu wasiwasi ukirudi kesho, mpeleke tena kesho. Usimtanie kwa hilo. Mwanamke akiaibishwa mara moja, mara ya pili hunyamaza.

Haya, chombo chako kizima, nenda. Kabla hujakiwasha mpigie simu, muulize, "Mtoto anacheza?" Kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.

Mungu amjalie mkeo ajifungue salama. Akupe mtoto anayecheza tumboni mpaka mama akose usingizi, na akishatoka acheze uani mpaka wewe upaze sauti kumwambia atulie, naye asikusikie.