Sweta ya Mutua

Juzi nilifungua sanduku la bati la marehemu susu, mama yake mama, na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo ikanipanda puani hadi nikapiga chafya. Juu kabisa ilikuwa imekunjwa sweta ya kijivu. Mara nikawa tena mtoto wa miaka saba, nimekaa kwenye kiti huko Sultan Hamud, miguu haifiki chini.

Tulikuwa tumetoka kwetu, karibu na Kwa Vonza, kumtembelea Kalondu, wifi yake susu, aliyekuwa na duka. Mjomba wangu Mutua, kitinda mimba wa susu, alipelekwa huko alipomaliza shule ili asaidie kazi. Miezi saba ilipita bila barua, na hakuna aliyehangaika. Kijana akiwa kwa shangazi yake, yuko nyumbani. Kumfuatafuata ni kama kumwambia wifi yako hajui kulea, na susu angeona heri alale njaa kuliko kumkosea Kalondu.

Kwa hiyo tulipofika, hakuuliza. Aliona Mutua hayupo, akadhani ametumwa mahali. Wakajuliana hali ya mvua, mbuzi, kanisa na goti la Kalondu. Susu akamsifu Mutua, Kalondu naye akamsifu, na mimi nikamaliza mandazi yote sahanini maana hakuna aliyekuwa akinitazama.

Tulipoaga, susu alitia mkono kwenye kiondo atoe sweta mpya aliyomletea mwanawe. Kabla hajaitoa, Kalondu akatokea chumbani na viatu vyeusi vilivyofungwa kwa gazeti.

“Hivi umpelekee Mutua,” akasema. “Mwambie tangu aende huko kwenu kuwasaidia kuvuna, hata salamu hatujapata.”

Susu alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Akaviweka juu ya sweta, akaanza tena kuongea juu ya mvua. Nawaambia, alishukuru! Adabu ilimtangulia.

Mimi adabu ya kiwango hicho sikuwa nayo. “Susu, kwani sweta si ya Mutua? Si ulisema yuko hapa?”

Alinifinya paja. Kisha akaketi sakafuni, akalia kwa sauti, na Kalondu akaketi kando yake.

“Twende kwa polisi,” Kalondu akasema baadaye.

“Wataniuliza amepotea lini,” susu akajibu. “Nitasema nini? Mimi mama yake, nitasema sijui?”

Kituo kilikuwa ng'ambo ya reli tu, lakini hatukwenda. Kalondu alituma habari kwa wachungaji wa makanisa, na kwa madereva wa lori waliokunywa chai dukani kwake.

Wiki ya tatu, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Mwingi, Mzee Hassan, alimleta Mutua mwenyewe hadi mlangoni kwetu. Mutua alikuwa amenenepa kuliko sisi sote. Akiwa njiani kuja kuvuna alikutana na watu wa mbuzi, akaona kazi yao afadhali kuliko kupima sukari dukani. Mzee Hassan alidhani kijana ameaga kwao. Susu alimchapa kofi moja, kisha akamvalisha ile sweta mchana wa jua kali, na hakumruhusu aivue hadi jioni. Viatu vilimbana.

“Sikujua kuna mtu ananitafuta,” Mutua akasema, na sote tukacheka.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba alisema kweli: miezi saba hakuna aliyemtafuta. Jirani yetu mmoja, Mama Ndunge, alituambia miaka yote kwamba binti yake Ndunge yuko Voi kwa mjomba wake. Alifariki akisema hivyo. Huyo mjomba hakuna aliyemuuliza, na sidhani kama kuna daftari lolote la polisi lenye jina la Ndunge. Watu husema wazazi wa siku hizo hawakujali. Walijali sana. Waliona haya.

Sasa nikipiga simu nyumbani siridhiki na “watu wako salama.” Namtaja kila mtu kwa jina na nataka niisikie sauti yake. Wananicheka, wananiita chifu. Mutua peke yake, aliye na wajukuu sasa, hanicheki. Akipewa simu, hata kabla ya salamu, husema, “Niko hapa.”