Damu Iliyoonja Chai Yake

Tarehe tisa Machi nilimpoteza mke wangu. Asubuhi alikuwa amechuchumaa jikoni akichochea moto. Aliniita mara moja tu. Nilipofika, mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja na mkono wa kulia ulikuwa umelegea kama si wake. Jua lilipotua alikuwa amekwenda. Hospitalini walituambia ni presha iliyopasua mshipa kichwani.

Nitaandika ukweli. Kabla ya hapo, mke wangu alikuwa amepewa vidonge vya presha pale dispensari, akaambiwa ameze kimoja kila siku. Yeye alimeza siku zile kichwa kilipomuuma tu, na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nilimwambia, "Dawa si ugali, mama. Huumwi popote, unameza za nini?" Sikujua kwamba presha inaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kuuma, huku ikimla. Baada ya mazishi nilivikuta vile vidonge ndani ya kopo kuukuu la majani chai. Karibu vyote vilikuwa humo.

Nilibaki peke yangu katika boma letu karibu na Kalamba. Chai nilijipikia. Mke wangu alikuwa akitia vijiko vitatu vya sukari katika kikombe changu, vya kujaa, na mimi nikaendelea na vitatu vile vile, kikombe kile kile cha bati. Niliona nikipunguza hata kimoja nitakuwa nimeanza kumsahau. Siku hizo nilikuwa na kiu isiyoisha, na kila mara nilikwenda nje kukojoa. Nikadhani ni majonzi. Nilijiambia kwamba huenda kulia kunamkausha mtu.

Mwisho wa Mei binti yangu alikuja kutoka Emali, anakouza nyanya. Aliniona nikimaliza jagi la maji kwa mkupuo mmoja.

"Baba, kesho tunaenda ukapimwe sukari."

"Mimi siumwi."

"Mama pia alikuwa haumwi."

Niliweka jagi chini. Alipiga simu hospitalini, akaambiwa nisile kitu mpaka nipimwe. Asubuhi nilitii. Nilikunywa tu kikombe kikubwa cha uji wa wimbi, tena nikiwa nimejificha nyuma ya ghala, kwa kuwa sikutaka binti yangu ajisikie vibaya kwamba ananywa chai kavu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Mkamba mwenzetu, mdogo kuliko binti yangu. Alinidunga ncha ya kidole, akakamua tone moja, akaligusisha kwenye kipande chembamba kilichochomekwa kwenye kimashine. Tone lile lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Kimashine kikahesabu, kikaandika tisa nukta nane.

"Mzee, ni kweli hujakula?"

"Sijakula."

"Hata kidogo?"

"Daktari, mimi ni mtu wa kanisa. Tangu jana sijatia kitu mdomoni isipokuwa uji."

Aliweka kalamu chini. Binti yangu akajifunika uso kwa leso.

"Uji! Si mliambiwa usile?"

"Sikula. Nilikunywa."

Mlango ulikuwa wazi, na mama mmoja kwenye foleni akadakia, "Mzee amesema haki! Nani ameona uji ukiliwa? Hata mimi nimekunywa."

Watu wakacheka. Daktari akatoka hadi mlangoni. "Haya, wengine waliokunywa uji ni nani?" Mikono mitatu ikapanda, mmoja ukiwa wa mchungaji wa kanisa. Daktari alicheka mpaka akaegemea ukuta. Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu Machi.

Aliporudi alinieleza pole pole. Kama sikuwa nimetia kitu tumboni, namba ile ingekuwa ya ugonjwa. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimekunywa uji, hangeweza kuhukumu. "Hiki kimashine kinaona sasa hivi tu," alisema. "Kuna kipimo kingine cha maabara ambacho hakijali umekunywa nini leo. Kinaona miezi mitatu nyuma."

Nilidhani ananitania. "Damu ya leo itajuaje mambo ya Machi?"

"Mzee, mahindi ya mbegu mnayaweka wapi?"

"Tunayatundika jikoni, juu ya moto."

"Ukiyatazama, utajua moto wa leo asubuhi ulikuwa mkubwa au mdogo?"

"Siwezi. Lakini yakiwa meusi najua moto umewaka msimu mzima."

"Basi umemaliza. Damu yako ina chembe nyekundu. Kila moja huishi miezi mitatu, hata minne, kisha hufa, nyingine ikachukua nafasi yake. Sukari ikiwa nyingi hujishika kwenye chembe kama moshi kwenye mahindi, na haitoki mpaka chembe ife."

Walichukua damu mkononi, kichupa kimoja. Nikakaa kwenye benchi nikahesabu kwa vidole. Kutoka tarehe tisa Machi zilikuwa wiki kumi na moja. Nikaelewa kwamba ndani ya kichupa kile mlikuwa na chembe zilizokuwa hai pamoja naye. Zilikuwa zimeonja chai aliyoikoroga kwa mkono wake. Nilikuwa nimezunguka na kumbukumbu yake ndani ya mishipa, mimi niliyeishia darasa la saba, bila kujua mwili unaweka mambo hivyo. Nililitazama boksi walilotia kile kichupa mpaka likapita mlango wa maabara. Nilitamani kuvua kofia.

Mchana majibu yakatoka, nane nukta moja. Daktari akasema ni ugonjwa wa sukari, hakuna shaka tena. Binti yangu akaanza kulia. Mimi, Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi. Niliona ni chai ya mke wangu imeonekana kwenye karatasi.

Kisha nikauliza, "Daktari, kuna kipimo cha kujua kama mke wangu angepona, kama ningemwacha ameze dawa?"

Alinisogezea ile karatasi. "Hicho hakipo, mzee. Cha kwako ndicho kipo."

Alinipa vidonge vya kila siku, akaniambia niache sukari kwenye chai, nipunguze uji na ugali, nirudi Septemba. Siku ya kwanza nilipokunywa chai bila sukari niliimwaga nusu. Niliona kama ninamtoa mke wangu mwilini kijiko kwa kijiko. Binti yangu alipiga simu kila jioni. "Umemeza, baba?" Siku mbili nilimdanganya. Siku ya tatu nililiona lile kopo la majani chai kwenye rafu, na tangu hapo sikudanganya tena.

Septemba nilirudi. Damu ikachukuliwa, nikangoja. Sita nukta saba. "Hongera, mzee!" daktari alisema. "Hii ni damu mpya kabisa."

Nilijua. Hapakuwa tena na chembe hata moja iliyowahi kukutana naye. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa nyuma ya maabara pasipokuwa na watu, nikalia kiasi changu.

Nyumbani niliwasha moto. Juu yake mahindi aliyoyatundika Februari yalikuwa meusi tayari, yakingoja mvua. Binti yangu akapiga simu.

"Umemeza?"

"Bado. Subiri."

Niliweka simu kwenye kigoda bila kuikata, nikateka maji kwa kikombe cha bati, nikameza. Sikuwa naumwa popote.