Mkia Chini ya Gunia

Mzee muuza samaki wa soko la Lushoto ana vidole vilivyochanika kwa chumvi, na kila samaki humnusa kabla ya kumfunga kwenye gazeti. Sabra, tangu mimba yake ianze kuonekana, amemnunia mzee huyo. Kila akitaka papa, mzee hujibu, "Kaisha, mwanangu," akampimia dagaa, na huku mkia wa papa unachungulia chini ya gunia. Leo kliniki nesi kawaonya wajawazito: papa ana zebaki nyingi, humdhuru mtoto tumboni, kuleni dagaa. Sabra akashusha pumzi, akaenda moja kwa moja sokoni.

"Shikamoo, babu. Papa yupo?"

"Marahaba. Kaisha."

Mkia ulikuwa palepale.

"Alhamdulillahi," akasema Sabra, akakinga kikapu.