Bata Wanne wa Idi

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sikukuzaa mimi, ipo siku moja ambayo hunirudia kila sikukuu inapokaribia, hata nisipoiita. Sijafika uzee wa mkongojo. Nina miaka arobaini na kitu, na miguu yangu bado ina kiherehere cha safari. Lakini jambo hili limenichosha kuliko barabara zote nilizopita, kwa hiyo kaa nikusimulie kabla hujaenda sokoni kumtafutia mtoto wako zawadi.

Wiki iliyopita nilikuwa soko la Mwanga. Kijana mmoja wa umri wako alikuwa amekumbatia boksi lililotobolewa matundu kwa msumari, na ndani mlikuwa mnalia vifaranga. Muuzaji akamwambia, "Hapo braza umemaliza. Mtoto leo halali kwa furaha." Kijana akacheka, akaenda zake. Nilitaka kumwita, ila nikamwacha apite. Yale ambayo ningemwambia ndiyo nakuambia wewe.

Nilipokuwa kijana kama yeye tuliishi Ujiji, kwenye nyumba ya mama mkwe wangu, Mha wa Kasulu aliyeuza mawese. Mke wangu alikuwa fundi cherehani, na binti yetu Rehema alikuwa na miaka sita. Nasema tuliishi, lakini kwa kweli waliishi wao. Mimi nilikuwa mtu wa dagaa. Nanunua kwa wavuvi kule mwalo wa Katonga, napakia, naondoka. Leo Tabora, kesho Mpanda. Nikirudi, vumbi halijatoka kwenye viatu, nimeshaanza kuulizia lori linaloondoka.

Rehema alikuwa na swali moja kila nilipofunga begi.

"Baba, Idi utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mama."

"Siku zote za Idi?"

"Zote."

Idi hiyo nilifika jioni ya kuamkia sikukuu. Gauni nililoahidi sikuwa nalo, na nilikuwa nimeshapatana na dereva kuondoka naye siku ya pili ya Idi. Mtu mwenye hatia hununua haraka, mwanangu. Pale pale soko la Mwanga nikamkuta mwanamke mwenye beseni la vifaranga wa bata, wa njano, wanakanyagana. Nikachukua wanne, nikawatia kwenye boksi la sabuni, nikaenda nyumbani nikijiona baba kamili.

Rehema alipofungua boksi alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Siwezi kukudanganya, furaha ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo inayotudanganya sisi wazazi.

Sasa, ukwe una adabu zake. Mama mkwe wangu hakuwahi kunigombeza uso kwa uso. Akiwa na neno na mimi alimwambia kuku, au sufuria, ili mimi nisikie. Jioni ile akainama juu ya boksi.

"Karibuni, wageni. Mama yenu mmemwacha wapi? Nani atawafunika?"

"Mama, hao ni ndege wa maji," nikasema nikicheka. "Ziwa si hilo hapo?"

Akawaambia bata, "Mmesikia? Baba yenu ameshasema."

Mke wangu yeye aliuliza tu ni nani atakayesafisha uchafu wao. Siku ya pili ya Idi nikapanda lori.

Siku chache baadaye nilikuwa Mpanda, tunashusha mzigo, simu ikaita. Ilikuwa namba ya mwenye duka jirani yetu. Rehema alikuwa amemwomba ampigie baba yake.

"Baba, beseni tulilowawekea bata limekuwa dogo. Wanalia sana. Nifanyeje?"

Dereva alikuwa anapiga honi. Nikasema, "Wapeleke ziwani wakaogelee. Hao ni ndege wa maji. Nenda na wenzako."

"Unarudi lini?"

"Karibuni, mama." Nikakata.

Yaliyofuata nilihadithiwa na mke wangu. Asubuhi yake yeye alikuwa kwenye cherehani na bibi kwenye mawese. Rehema na wenzake wakawabeba bata hadi ufukweni. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa Kongo, maji yana baridi. Bata wakaogelea kweli, watoto wakashangilia. Halafu bata wakaanza kuwa wazito. Walizama kidogo kidogo, manyoya yakiwa yameloa kama tambara. Rehema akaingia maji ya magoti, akawatoa, akawafunga kwenye gauni lake, akakimbia nao nyumbani. Watatu walikufa kabla ya adhuhuri. Wa nne bibi yake alimweka kifuani, ndani ya khanga, na huyo naye hakuvuka siku. Rehema hakulia. Aliketi kizingitini akisema, "Nimewaua."

Habari hizo zilinikuta njiani. Nikafanya anavyofanya mfanyabiashara mzigo ukiharibika: nikaleta mwingine. Nilirudi Ujiji na sungura mweupe kwenye kikapu, mzuri ajabu. Nikamkuta Rehema uani, nikafunua kikapu. Hakusogea. Akaficha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Mrudishe, baba. Mikono yangu inaua."

Nikapiga magoti mbele yake. "Si wewe, Rehema. Ni mimi niliyesema uwapeleke ziwani. Kosa ni langu."

Akafikiri kidogo. "Lakini wewe hukuwepo."

Mama mkwe wangu alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. Nikangoja aanze kusema na sungura, kama kawaida yake. Badala yake akanitazama mimi.

"Baba Rehema, leo ukwe nauweka pembeni. Kwetu mtu akikupa mbuzi haishii mlangoni. Anakuja naye mpaka pale mbuzi atakapolala. Na yeye mtoaji analala kwako. Asubuhi anaangalia kama mnyama amekula, kama wewe unajua kumshika, ndipo anaaga. Kifaranga wa bata anapata mafuta ya manyoya kwa kulala chini ya mama yake, ndiyo maana maji hayamwingii. Wale hawakuwa na mama. Mimi nilijua, nikawaambia bata badala ya kukuambia wewe, na hilo litanikaa mpaka kaburini. Lakini wewe ulishusha mzigo ukaondoka. Mtoto alikuomba wewe. Ukampa bata."

Sungura akapelekwa siku hiyo hiyo kwa jirani mwenye vibanda vya sungura. Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo nilitulia nyumbani. Nilikaa wiki mbili, kisha nikasikia honi.

Leo Rehema ameolewa Ilagala na ana watoto wawili. Mji mzima ule una kuku na bata wanaozurura, ila uani kwake hakuna hata jogoo. Idi iliyopita nilikwenda kuwaona. Mjukuu wangu wa kike alikuja mbio na kitoto cha paka alichopewa na wenzake, akamnyooshea mama yake. "Mama, mshike!" Rehema akatabasamu, akasema ni mzuri. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo. Sidhani hata alijua.

Basi mwanangu, sikukuu ikija mnunulie mtoto mpira, viatu, gauni, hata kashata za kutafuna. Mnyama mwache sokoni mpaka banda liwe limesimama, mpaka ujue anakula nini na anaogopa nini, na mpaka mtu mzima mmoja nyumbani awe amekubali kwa kinywa chake kumtunza. Tena uwe na wiki kadhaa za kukaa hapo wewe mwenyewe. Usimtwike mtoto uhai ambao wewe unaukimbia. Mnyama akifa, mtoto atamzika moyoni mwake na wewe utakuwa njiani. Na ukiona mkubwa mwenzako anafanya kosa hilo, mwambie yeye, usimwambie bata.

Mimi siku hizi huenda Ilagala mikono mitupu. Nafika kabla ya sikukuu, naondoka wiki imeisha, na honi za barabarani naziacha zipige.

Mungu akupe nyumba ambayo utapenda kukaa ndani yake. Awape watoto wako mikono isiyoogopa kushika kitu, na sikukuu ikiwakuta, ikukute na wewe upo. Amina.