Kuna Swali?

Mhadhiri wetu wa aljebra aliandika kwa chaki, polepole, huku kamera ya ukutani ikimrekodi. Ubao ukijaa, alipangusa vidole kwenye suruali, akavigeukia viti mia mbili vitupu na kuuliza, "Kuna swali?" Kisha alingoja. Wenzangu walikuwa nyumbani, wakimtazama kwenye simu.

"Mwalimu, unamngoja nani?" nilimuuliza siku moja kwa Kiswahili, maana huku ughaibuni sisi ni wa nchi moja, ila yeye ni wa Kisii, mimi Meru.

"Si wewe upo?"

Muhula huu chuo kimekataa kumwongezea mkataba. Video zake kimebaki nazo. Hizo haziombi likizo. Kwenye treni ya kurudi kwangu, kitongoji cha Toongabbie, namtazama akipangusa vidole. "Kuna swali?" anauliza, na anangoja vilevile. Ninalo. Sasa nimuulize nani?