Jezi Nyeusi na Moshi wa Udi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mlango kufunguliwa, nikakaa ndani ya gari natetemeka. Baridi haikuwepo, ilikuwa Agosti. Ni mimi tu. Nimeumbwa na wasiwasi; simu ikilia najiuliza nani kafa. Mume wangu, Baba Salma, hunambia, "Rukia, wewe hata ukitiwa peponi utauliza mlango wa kutokea uko wapi."

Tulikuwa tumetoka Mombasa tukakaa Eagan, jimbo la Minnesota, na nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala moja huko. Jirani akanambia kuna chuo mjini Saint Paul kinatafuta fundi cherehani wa timu ya mpira. Nikasema haya, mpira naujua. Kumbe ni ule wa Kimarekani, wa kuvaa kofia ngumu na mabega ya bandia, majitu mazima yanagongana mpaka unasikia mlio. Siku niliyouona mara ya kwanza nilifumba macho na kusoma dua. Nikawa sijui namwombea nani.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Meneja wa Vifaa. Kila kilichovaliwa na mchezaji, kuanzia soksi hadi kofia, kilipita mikononi mwake. Mzee mrefu, mkavu, hacheki na mtu. Alinitupia jezi iliyopasuka namba, akasema neno moja tu: "Shona."

Nyinyi vijana mmezoea namba za kuchapwa. Wakati ule namba ilikuwa kitambaa. Unaikata, unaishika kwa pini kifuani mwa jezi, kisha unaizungusha mshono wa zigizaga uliosongamana. Zigizaga ina kazi yake. Mchezaji akishikwa jezi akavutwa, kitambaa kinanyumbuka na uzi unanyumbuka nacho. Ukipiga mshono wa moja kwa moja, ikivutwa mara ya kwanza tu, uzi kwishney. Nilishona magauni ya harusi mtaa wa Majengo, kwetu Mombasa, miaka mingi, nikajua la kufanya. Meneja akaishika ile jezi kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zake zote, nami nikaona ni mimi ninayevutwa. Haikuachia.

"Kesho saa moja," akasema. Basi, nikawa nimeandikwa kazi.

Ndiye aliyenifundisha sheria za jezi ya pale. Rangi kijani. Mikononi michirizi miwili myeupe, si mmoja, si mitatu. Na mgongoni hakuna jina. "Mtu haji hapa kujitangaza," alisema. Mimi na mdomo wangu, nikamwambia kwetu leso ina pindo, ina mji katikati na ina jina, yale maneno yake, na leso isiyo na jina hainunuliwi. "Huko kwenu," akasema, akaenda zake. Wiki nzima sikulala vizuri, nikijua nimejifukuzisha kazi kwa habari za leso.

Sikufukuzwa. Na ile michirizi miwili nikaja kuipenda kama niliizaa. Nikiona mmoja umekaa upande nilikuwa nafumua upya hata kama hakuna aliyeniambia.

Sasa nije kwenye udi, maana ndio kisa chenyewe.

Jezi zilikuwa zinahifadhiwa chini ya jengo tangu Disemba hadi kiangazi. Zilifuliwa, lakini jasho la watu wazito namna ile halitoki kwa sabuni. Kiangazi changu cha pili tukafungua yale makabati, loo! Nikamwambia Meneja kwetu nguo ya heshima haivaliwi kavu kavu, hufukizwa. Akataka kujua kufukizwa ni nini. Nikamweleza: makaa ndani ya chetezo, kipande cha udi juu yake, nguo unaitandaza ule moshi uipitie. Aliposikia moshi akanionyesha kwa kidole ving'ora vya moto vilivyopangwa dari nzima. "Nje," akasema.

Basi nikafanyia nje, kwenye uwanja wa nyuma malori yanakopakulia mizigo. Udi nilinunua kwa Msomali mmoja Minneapolis, chetezo kilikuwa cha marehemu mamangu. Nilizitundika jezi kwenye reli ya magurudumu nikaanza, roho juu juu, nikingojea mtu aniitie polisi. Meneja akaja, akanusa mkono wa jezi moja. Akanusa wa pili. Kisha akasema, "Harufu ya kanisa la bibi yangu." Hakusema zaidi, ila mwaka uliofuata mkaa aliuleta yeye mwenyewe.

Mechi ya ufunguzi ile wakashinda. Sasa hakuna watu wenye kuamini mambo kama wachezaji. Kuna mmoja alikuwa hafui soksi zake msimu mzima mpaka nikazichukua kwa koleo. Wakashika kwamba ni ule moshi. Kila mwaka Agosti ikifika nilikuwa naulizwa: Mama Rukia, lini? Mama Rukia, umepata ule mti?

Katikati ya miaka hiyo Baba Salma akaanza maradhi ya moyo. Anayeishi Marekani ananielewa. Dawa zake, madaktari wake, ile mashine ndogo waliyomtia kifuani, vyote vilikuwa juu ya bima, na bima ilikuwa juu ya kazi yangu. Kazi ikienda, bima imekwenda, na mume je? Nilikuwa nashona na hilo kichwani. Nikiitwa ofisini, hata kuulizwa kama nataka kalenda, nilikwenda na mkoba wangu kabisa.

Ndipo akaja Mkurugenzi mpya wa Michezo. Mtu wa makamo, ametoka kwenye makampuni ya kule Eden Prairie, viatu vinang'aa. Alituita sote, akaingia mtu wa kampuni ya nguo na jezi kwenye mfuko wa plastiki. Akaitoa. Masalaale! Nyeusi ti. Namba za kijani cha kuumiza macho. Michirizi hakuna. Na mgongoni jina, kubwa.

Meneja alisimama. "Timu yetu ni ya kijani," akasema.

"Namba ni za kijani," Mkurugenzi akajibu, kwa upole. "Vijana wanaochagua chuo siku hizi wanatazama jezi. Nisipobadilisha nawapoteza. Nikiwapoteza, hiyo kijani ataivaa nani?"

Na mimi niwe mkweli, niliona ana hoja. Lakini nilipomtazama Meneja, macho yake mekundu, nikajisikia nimemsaliti hata kwa kuwaza. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye aliushika mbachao wake akaondoka nao: mwezi haukuisha akastaafu. Aliniachia mkasi wake mzuri na kuniambia, "Jiangalie, Rukia."

Jiangalie! Neno gani hilo la kumwambia mtu kama mimi?

Namba za jezi mpya hazishonwi. Zinabandikwa kwa mashine ya moto, kama pasi kubwa ya bapa; unaifunika, unangoja, unaifunua, namba imekamata. Mashine ile ililetwa ikawekwa pale palipokuwa pangu, na cherehani yangu ikasukumwa kando ya mapipa ya sabuni. Bosi wangu sasa alikuwa Meneja Mpya, binti wa rika la mwanangu Salma, mchapakazi, mwenye adabu, lakini kila kitu kwake lazima kiwe kwenye kompyuta. Akanipa maagizo ya kampuni: jezi hizi hazichomwi sindano, na baada ya kubandikwa haziletwi karibu na moto wowote, namba zitakunjamana.

"Na mimi nitafanya nini?" nikamuuliza.

"Kwa sasa utafua," akasema. "Mkurugenzi atatazama msimu unavyokwenda."

Kwa sasa! Atatazama! Nilirudi nyumbani na-drive naiona barabara nusu nusu. Salma akanambia, "Mum, utakuwa fine, just chill." Watoto wa huku, ukiwaambia nyumba inaungua watakwambia just chill. Baba Salma nilimkuta mezani. Alikuwa anakata vidonge vyake kwa kisu kidogo, nami nikaona anavikata nusu. "Mbona nusu?" Akasema anajaribu tu kuona vitafika wapi, ikitokea bima imekatika. Nilimpokonya kile kisu. Nililia mbele yake, sikuweza kujizuia.

Siku ya ufunguzi ikafika. Waliosoma pale zamani walikuja wengi, baadhi wamevaa jezi zao za kijani za ujanani, zimewabana tumbo, wamenuna. Nilikuwa napanga jezi nyeusi alipoingia kapteni. Kapteni alikuwa kijana wa Kikongo, wazazi wake wakimbizi wa Kivu, amelelewa Coon Rapids. Mkubwa hata mlangoni anapita kiubavu. Alijaliwa upole wa ajabu. Akanusa jezi yake.

"Mama, hii maillot haina harufu."

"Haina, mwanangu. Imekatazwa."

"Sasa tutaingia namna gani? Wenzangu banauliza. Rangi wamebadilisha, tukanyamaza. Jina wameweka, tukanyamaza. Lakini ile moshi, mama, sisi tulizoeaka."

"Nikiipeleka jezi motoni namba ikikunjika, mimi sina kazi kesho. Nina mgonjwa nyumbani. Unanielewa?"

"Ninaelewa, mama." Akainamisha kichwa. "Pardon."

Laiti angebishana ningemfukuza. Lakini alinyamaza, akaanza kuikunja ile jezi vizuri, na mimi nikakumbuka kwetu. Bibi harusi tunamfukiza nini kwanza? Si gauni. Anasimamishwa juu ya chetezo yeye mwenyewe, moshi umwingie nywele na ngozi, nguo huja baadaye. Nguo inakopa tu harufu kwa mwili. Nimeona wanaharusi wangapi! Na katika yale maagizo hapakuwa na neno juu ya watu.

"Waite," nikamwambia. "Waje na fulana na kaptula. Jezi ziache hapa hapa."

Walikuja wote uwanja wa nyuma. Nikaweka chetezo chini, makaa yamekolea, udi juu. Mmoja baada ya mmoja, wanatanua miguu wanasimama juu yake, wanainua mikono, wanageuka polepole kama nilivyowaonyesha. Yale majitu! Mmoja alianza kucheka, kapteni akamtazama, akaacha. Mimi kila dakika nageuka kutazama mlango. Nilikuwa najua, wallahi nilikuwa najua, mlango ule utafunguliwa.

Ukafunguliwa. Mkurugenzi wa Michezo, na nyuma yake mtu wa kampuni ya jezi, na wazee wawili waliosoma pale zamani, na Meneja Mpya amepauka uso. Moshi umetanda. Mimi nimeshika koleo. Akilini nikamwona Baba Salma na kile kisu chake.

"Hii ni nini?" Mkurugenzi akauliza.

Nikaficha koleo mgongoni. Kapteni akajibu, na kwa Kiingereza kizuri kabisa: "Ni desturi yetu, bwana. Hapa hufanywa hivi toka zamani."

Toka zamani! Miaka sita haijatimia.

"Toka lini?" Mkurugenzi akamuuliza Meneja Mpya.

Yule binti akanitazama. Namshukuru hadi leo. "Mimi nimeikuta," akasema, na kweli, aliikuta.

Mmoja wa wale wazee, amevaa kijani chake, akasogea akavuta pumzi. Akamwambia Mkurugenzi, "Angalau hiki hukukibadilisha." Wazee wale hata hawakuwahi kufukizwa maishani mwao! Lakini alisema kwa uchungu kama aliyepewa tena kitu chake. Mkurugenzi akatazama moshi, akamtazama mzee, akanitazama mimi. "Isogeze mbali na mlango," akasema. "Na asiguse mtu namba." Wakaingia ndani. Nilikaa chini juu ya kreti, kapteni akaniletea maji.

Mechi ile walishindwa, tena vibaya. Nilingoja niambiwe ni moshi wangu. Hakuna aliyenambia kitu. Jumatatu nilikuja kazini, na Jumatatu iliyofuata, na cherehani haikurudi mahali pake lakini mimi nilibaki, nafua, nakunja, na kila Agosti nafukiza watu. Nilistaafu sote wawili tulipofikia umri wa kupewa bima ya serikali, miaka sitini na mitano, hata siku moja kabla sikukubali. Chetezo cha mamangu nilimwachia Meneja Mpya. Nilimwonyesha mkaa unavyopulizwa, akapiga picha kila hatua.

Mnaniuliza sasa, Bi Rukia, jezi ya zamani ama ya sasa? Mimi sijui. Nilizipenda zile zilizopita mikononi mwangu, na huko si kuhukumu. Kabla sijatoka walikwisha kuirudisha ile michirizi miwili wakaiita mtindo mpya. Nilicheka nikaumia.

Msimu wa kwanza baada ya kustaafu, Meneja Mpya alinipigia nije ufunguzi. Nikaenda na Baba Salma, anatembea na mkongojo wake taratibu. Tulipitia nyuma nilikozoea. Wachezaji wote wapya, simjui hata mmoja, na moshi umesimama. Kijana mmoja akatuona tumeduwaa, akatukaribisha kwa adabu. Akatueleza ni mila ya chuo. Wakulima waliojenga chuo hiki, alisema, ndio walioianzisha, zamani sana, wakichoma mti wa hapa hapa Minnesota.

Baba Salma akanisonta ubavuni. "Mwambie, Rukia! Mwambie chetezo ni cha nani!"

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Watatuuliza kibali cha moto."

Kijana hakuelewa Kiswahili chetu, akatabasamu tu. "Mnaweza kupita na nyinyi," akasema. "Ni rahisi. Mnainua mikono."

Nikamshikia Baba Salma mkongojo wake. Akapita yeye kwanza, mzima, anageuka polepole, moshi unamwingia ndani ya koti. Kisha na mimi nikainua mikono.